Kabla ya Kulipia Nyumba Mpya, Uliza Nani Aliijenga

Malalamiko yanayotufikia kuhusu nyumba mpya zinazouzwa pembezoni mwa Dar es Salaam yanafanana kwa kiasi cha kusikitisha. Mnunuzi aliipenda nyumba, akalipa, akahamia na familia yake, na masika yalipoanza ukuta ukapasuka kwenye pembe za milango au unyevu ukapanda kutoka sakafuni. Alipomtafuta aliyejenga, akaambiwa kwamba ni fundi ambaye amekwisha rudi kwao. Tunapomwomba mlalamikaji nyaraka alizokabidhiwa wakati wa mauziano, mara nyingi hutoa moja tu, nayo ni nakala ya hati ya kiwanja.

Lazima hili lieleweke: hati inathibitisha umiliki wa ardhi. Haisemi chochote kuhusu zege, nondo wala kina cha msingi, na hakuna ofisa wa ardhi aliyewahi kupima nguvu ya nguzo kabla ya kuitia saini. Vivyo hivyo, nyumba kuwa mpya si ushahidi wa uimara wake, kwa sababu nyumba iliyokaliwa miaka 10 imekwisha onyesha udhaifu wake, ilhali mpya bado imeuficha nyuma ya plasta na rangi. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, lilikuwa bado linajengwa. Kwa hiyo tunawaomba wananchi waache kutuambia kwamba nyumba ilionekana nzuri. Zote huonekana nzuri siku ya kuuzwa.

Kwa kuwa mnunuzi hawezi kuona ndani ya ukuta, njia iliyobaki ni kuwajua waliojenga na kuona kumbukumbu walizoacha. Muuzaji makini anapaswa kuwa na kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri, michoro iliyoidhinishwa ambayo idadi ya ghorofa na matumizi yake vinalingana na kilichosimama kiwanjani, na taarifa za ukaguzi wa hatua mbalimbali kuanzia msingi. Kwa jengo la ghorofa, omba pia matokeo ya vipimo vya zege, ambavyo kwa kawaida hufanyika sampuli zikifikisha siku 28, pamoja na jina la mhandisi aliyesimamia. Muuzaji akisema kwamba karatasi hizo zilipotea, nakala za kibali na michoro zinaweza kuulizwa halmashauri. Asipotaka ziulizwe, mnunuzi amekwisha pata jibu lake.

Jina la mkandarasi lihakikiwe katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo inafanya kazi chini ya Sheria Na. 17 ya 1997. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja 7, la kwanza likiwa la juu kabisa, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi ambayo mkandarasi anaruhusiwa kuifanya. Haitoshi, basi, kuambiwa kwamba kampuni imesajiliwa. Ni lazima kujua imesajiliwa katika daraja gani, kama imelipia ada ya mwaka husika, na kama mradi wenyewe ulisajiliwa kabla ya kazi kuanza. Wahandisi wana Bodi yao, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana yao. Kuuliza katika bodi hizi si kumdharau mtu, na mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo. Cheti cha usajili wa biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni na majina ya biashara, hakimfanyi mtu kuwa mkandarasi, ingawa kila mwezi kuna anayetuletea cheti hicho akiamini kwamba kinatosha.

Anayefanya kazi ya ukandarasi nchini bila usajili anatenda kosa la jinai na anaweza kufikishwa mahakamani. Aliyesajiliwa akikiuka masharti, Bodi inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta katika daftari. Adhabu hizi hata hivyo humpata mjenzi. Jengo lililojengwa bila kibali, au lililoongezwa ghorofa zisizoidhinishwa, linaweza kuamriwa libomolewe, na amri hiyo hulifuata jengo, haimfuati aliyeliuza. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba zilizojengwa ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto, eneo linalolindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.

Kuhusu umiliki, upekuzi rasmi ufanyike kwa Msajili wa Hati kabla ya malipo ya awali, kwa sababu ndiko inakoonekana kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Muuzaji aliye katika ndoa atoe ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Mkataba wa mauziano uwe wa maandishi na ushuhudiwe na wakili, kisha zijazwe Fomu za Ardhi Na. 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na uhamisho wenyewe. Nyumba ifanyiwe uthamini, muuzaji alipe kodi ya ongezeko la mtaji TRA, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ulipwe, na baada ya kibali cha Kamishna wa Ardhi ndipo uhamisho usajiliwe. Muhuri wa Serikali ya Mtaa hauhamishi umiliki wa kiwanja chenye hati. Tumelisema hili kwa miaka mingi na tutaendelea kulisema.

Anayenunua sehemu katika jengo la ghorofa aulize kama jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ili apate hati yake mwenyewe, na asome kanuni za umoja wa wamiliki unaosimamia paa, ngazi na lifti. Anayelipia nyumba ambayo bado ni mchoro ahakikishe kwamba malipo yamefungwa na hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi asiyeajiriwa na muuzaji. Kulipa kwa tarehe za kalenda, kazi ikiwa imesimama kwenye msingi, ni hasara tunayoiona mara nyingi, na inatuumiza kwa sababu fedha hizo aghalabu ni kiinua mgongo cha mtu.

Siku ya makabidhiano nenda na fundi bomba, fundi umeme na mhandisi, ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Bomba zote zifunguliwe kwa pamoja, vigae vigongwe ili kusikia vilivyo na uwazi chini yake, dari lifunguliwe zionekane mbao, na karo lifunuliwe. Unga mweupe unaotoka chini ya ukuta ni dalili ya chumvi na unyevu, na kuupaka rangi hakuuondoi. Kila kasoro iandikwe katika orodha itakayosainiwa na pande zote mbili, na mkataba utamke kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho kwa kawaida ni miezi 6 au 12, pamoja na sehemu ya malipo itakayozuiwa hadi kipindi hicho kiishe. Baada ya hapo nyaraka zote zihifadhiwe, zikiwemo risiti na picha zenye tarehe, kwa kuwa madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6, na anayefika mahakamani katika mwaka wa 7 huwa hasikilizwi hata kama ufa bado unaonekana.