Presha ya Macho Siyo Presha

Juma hili mgonjwa wa tatu amenieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba aliacha matone yake ya macho kwa sababu kidonge anachomeza kila usiku "kinashusha presha zote". Simlaumu sana, kwa maana ni sisi madaktari tuliozoea kuiita glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, presha ya macho, kisha tukashangaa watu wanapoitibu kwa amlodipini, kidonge cha presha ya damu. Shinikizo la jicho hutokana na maji ambayo jicho hujitengenezea na kuyatoa lenyewe. Kipimo cha mkononi hakilioni.

Nakiri kwamba undugu upo kati ya dawa za macho na za presha ya damu. Timololi, dawa ya macho, ni ya ukoo mmoja na atenololi ya presha ya damu, na brimonidini, nayo ya macho, ilitokana na klonidini ya presha ya damu. Lakini hizo za macho ni matone yanayowekwa pale pale penye tatizo, na hata hivyo sehemu yake huteremka puani na kuingia katika damu, ndiyo maana mwenye pumu simpi timololi.

Kinachonikera zaidi ni dhana kwamba presha ya damu ikishushwa mno, mshipa wa fahamu wa jicho ndio unapona. Mshipa huo hulishwa na damu inayolazimika kulishinda shinikizo la jicho ili iingie. Usingizini shinikizo la damu hushuka lenyewe, ilhali la jicho hupanda kwa kuwa mtu amelala chali. Kidonge kinachomezwa wakati wa kulala kinaweza, kwa baadhi ya watu, kuuongeza mteremko huo hadi mshipa ukakosa lishe, na asubuhi vipimo vyote viwili vikaonekana vizuri. Hata hivyo, asiache mtu dawa yake ya presha: kiharusi hakina subira.

Je, ipo dawa ya presha ya macho inayoukinga mshipa wenyewe? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha uoni ukizorota kwa asilimia 9 tu ya waliotumia brimonidini, dhidi ya 39 ya waliotumia timololi. Ningeushangilia, kama watu kadhaa wa kundi la brimonidini wasingejitoa kwa mzio. Nami bado sijui kama brimonidini iliukinga mshipa au timololi iliudhuru kwa kushusha presha ya damu usiku.

Mgonjwa wangu nimemrudishia matone yake, na nimemwandikia daktari wake wa presha barua fupi kumwomba aitazame upya saa ya kidonge.