Dharura ya afya ya akili: polisi wanaingiaje?

Dharura ya afya ya akili ni pale mtu anapozidiwa kiasi kwamba usalama wake, au wa walio karibu naye, uko mashakani. Huenda anataka kujiua, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ameshikwa na hofu asiyoweza kuieleza. Mara nyingi hajavunja sheria yoyote. Ila jamaa wameogopa, ni usiku wa manane, na namba pekee wanayoikumbuka ni ya polisi.

Askari amezoea kutoa amri na kutiiwa. Mtu ambaye kichwani mwake zinagombana sauti tatu huenda asiitambue ya nne inayomwambia alale chini, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ukaidi. King'ora, tochi machoni na watu wanne waliomzingira vinachochea hofu ileile inayomtesa.

Mwaka 1987 polisi wa Memphis, Marekani, walimuua kwa risasi kijana aliyekuwa na kisu, akijikata mwenyewe. Mwaka uliofuata mji huo ukaanzisha kikosi cha askari waliojitolea kupata mafunzo ya saa 40: dalili za magonjwa ya akili, mazungumzo na wagonjwa wenyewe na familia zao, na zaidi ya yote, namna ya kutuliza. Kutuliza kunaonekana kazi ndogo, kumbe ndiyo ngumu. Unasimama mbali kidogo. Anaongea mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, akimwita mgonjwa kwa jina. Hambishii kuhusu hizo sauti, wala hajifanyi kuzisikia. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Na hakuna haraka: ikichukua saa mbili, ichukue.

Wengine walienda mbali zaidi, wakamwondoa askari kwenye safari hiyo. Mjini Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1989 gari lilikuwa likitoka na mhudumu wa tiba na mshauri wasio na silaha. Mwaka 2025 huduma hiyo ikasimama mjini humo kwa ukata. Denver walianza mpango kama huo 2020. Tangu Julai 2022, Marekani nzima ina namba 988 ya dharura za aina hii.

Mafunzo peke yake hayatoshi, kwa maoni yangu. Askari mpole asiye na hospitali ya kumpokea mgonjwa wake ataishia kumpeleka mahabusu kwa upole.

Majirani nao wana kazi kabla gari halijafika: kuondoa vyenye ncha kali ikiwa ni salama kufanya hivyo, kuwatawanya watazamaji, kuzima kamera za simu. Anayepiga simu aanze na neno "mgonjwa", aseme kama mgonjwa huyo ana silaha au hana, anatumia dawa gani, anaogopa nini, na ni nani ambaye huwa anamsikiliza.