Tagi ndiyo inayomvua mtu nguo

Vijana wa Mbeya na Iringa wanaotaka kuuza picha kwenye tovuti za stoki huniuliza kuhusu kamera na lenzi. Mimi huwarudisha kwenye kisanduku cha maneno muhimu, zile tagi. Hapo ndipo inapoamuliwa kama dada uliyempiga picha pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, atatazamwa kama mfanyabiashara au kama kitu cha kutamaniwa.

Kwa ambao hawajaingia kwenye kazi hii: unapakia picha kwenye tovuti kama Shutterstock, iliyoanzishwa New York mwaka 2003, au Adobe Stock. Mtu yeyote duniani, awe gazeti, wakala wa matangazo au mwenye saluni, ananunua leseni ya kuitumia, nawe unapata asilimia yako. Mnunuzi hakujui wala hamjui uliyempiga. Anaandika maneno, picha zinamjia. Shutterstock wanaruhusu hadi maneno 50 kwa picha moja, Adobe Stock 49, na kwa hao Adobe yale 10 ya mwanzo ndiyo yenye uzito.

Kabla ya kuingia sokoni picha inahakikiwa, kwanza na programu, na mara nyingine na binadamu. Programu hizo zimefundishwa kwa picha nyingi mno ambazo watu walizitia alama: hii safi, hii ya uchi, hii inatia ashiki. Aliyetia alama ana macho yake na malezi yake, na mashine imeyarithi yote. Februari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba programu za Google na Microsoft huziona picha za wanawake kuwa za kutia ashiki kuliko za wanaume walio katika hali ileile. Hata tumbo la mjamzito lilitiwa doa. Hata picha ya kitabibu inayoonyesha namna ya kuchunguza saratani ya matiti.

Huku kwetu jambo hilo linaumiza zaidi, kwa sababu ya joto la Kyela na namna watu wanavyovaa wakiwa kazini. Chukua akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kando ya Ziwa Nyasa, kule Lyulilo na Ikombe. Mama amekaa chini, kitenge amekifunga kifuani, mabega wazi, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, analainisha mdomo wa chungu. Pembeni yake mwenzake ananyonyesha. Picha za namna hiyo nimerudishiwa zikiwa na maelezo kwamba ni maudhui ya watu wazima. Nilikata rufaa, binadamu akaziangalia, zikapita.

Usipokata rufaa, picha inaweza kuachwa sokoni ikiwa na alama ya watu wazima, na hilo kwangu ni baya kuliko kukataliwa. Alama hiyo inaificha kwa kila mnunuzi aliyewasha utafutaji salama. Fikiria ni nani hao: shule, hospitali, mashirika ya afya ya mama na mtoto, ambao ndio hasa wanaoihitaji picha ya mama anayenyonyesha. Wanaobaki kuiona ni wale waliouzima mchujo huo, na wengi wao wanatafuta miili. Kwa hiyo mashine iliyowekwa kumlinda mama inamkabidhi kwa mtazamaji asiyemfaa. Kateni rufaa, ndugu zangu, hata kama mauzo yenyewe ni senti.

Sasa geuza upande wa pili. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi, buti miguuni, aproni ya plastiki hadi magotini, kapu mgongoni, kilemba kichwani. Mpiga picha akaandika "seksi" kwa Kiingereza, akaongeza na lile neno la kumfanya Mwafrika aonekane kiumbe wa ajabu wa porini. Programu inayoangalia ngozi haioni ngozi, inapitisha. Kuanzia hapo yule dada anatokea kwa kila anayetafuta maneno hayo, wakati yeye yuko shambani anajaza kapu. Na maneno hayo hayaishii sokoni. Mwaka 2023 Shutterstock waliongeza kwa miaka 6 mkataba wao na OpenAI, kampuni ya akili bandia iliyotengeneza ChatGPT, wa kuwapa picha pamoja na maelezo yake kwa ajili ya kufundishia mashine. Ulichokibandika leo ndicho mashine ya kesho itakachojua kuhusu mwanamke wa Tukuyu.

Kuna na hili la kukata kichwa. Tovuti hudai fomu ya ridhaa pale mtu anapotambulika, basi wengine wanapiga kuanzia shingoni kushuka ili wakwepe fomu. Picha inabaki kifua na kiuno. Mimi nauita huo wizi. Ukiona aibu kumwomba mtu saini, usimpige.

Fomu yenyewe msomee kwa lugha anayoielewa vizuri, Kinyakyusa au Kisafwa ikibidi, na mwambie wazi kwamba picha inaweza kutokea nchi yoyote. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, na tagi yoyote ya urembo kwa mtoto ifute. Picha za ngono za watoto zina adhabu yake kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Leseni za tovuti kubwa humkataza mnunuzi kumtumia mtu wa kwenye picha katika biashara ya ngono, na Shutterstock wanataja hata huduma za kutafuta wachumba. Tovuti za picha za bure mara nyingi hazikuhakikishii kwamba aliyepigwa alikubali. Ukikuta picha yako au ya ndugu yako imetumiwa vibaya, piga skrinishoti yenye anwani ya ukurasa na tarehe, tafuta ilikotoka kwa Google Lens au TinEye, kisha iandikie tovuti iliyouza ukitaja kipengele cha leseni kilichovunjwa. Kama ni picha ya faragha iliyovujishwa, StopNCII.org inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hukohuko kwenye simu yako, na inayotumwa kwa mitandao ni hiyo alama tu, ili waizuie. Picha yenyewe haitoki mkononi mwako.