Je, wajua kwa nini wimbo wa mahujaji hupasuka njiani?

Simama kando ya barabara ya vumbi nje ya mji wa Tabora wakati parokia inapita kwa miguu kuelekea kituo cha hija cha Ifucha. Walio mbele, nyuma ya msalaba, wako kwenye kiitikio. Wa katikati ndio kwanza wanamalizia ubeti. Wa mkiani wamechoka kungoja, wameanzisha wimbo wao. Kwaya hulaumiwa kwamba haikufanya mazoezi, na hapo huonewa bure. Kinachochelewa ni sauti yenyewe.

Sauti husafiri hewani takriban mita 345 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini mstari wa mahujaji nao ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Chukua watu 400 wanaotembea wanne wanne, mita 1.2 kati ya safu na safu: hizo ni safu 100, yaani mita 120 hivi. Sauti ya kiongozi humfikia wa mwisho baada ya sekunde 0.35. Kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika, hatua moja huchukua sekunde 0.6. Basi wa nyuma husikia wimbo ukiwa umechelewa zaidi ya nusu hatua, na miguu yake ilishaamua mdundo mwingine.

Ubaya unazidi pale wanapojibu. Kiitikio chao nacho huchukua sekunde 0.35 kurudi mbele. Kiongozi anasikia mwitikio uliochelewa sekunde 0.7, anawangoja kidogo, nao wanamngoja yeye. Kila ubeti unalegea kuliko uliopita, mpaka wimbo wa furaha unasikika kama wa msibani. Kuongeza kelele hakusaidii. Tarumbeta na spika hupenya mbali kuliko koo la mtu, lakini haziendi kasi zaidi.

Dawa ni kuukata mstari kabla haujapasuka wenyewe. Kikundi cha watu 60 hadi 80 huchukua mita 20 hadi 25 tu, na hapo ucheleweshaji hausikiki kabisa. Kila kikundi kiwe na kiongozi wake wa wimbo, atembee katikati ya kikundi, si mbele, na kati ya kikundi na kikundi paachwe nafasi ya mita 30 hadi 50. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zinafaa sana kwa mgawanyo huu: jumuiya mbili au tatu zikiungana zinatosha kikundi, na watu wake wanajuana sauti kwa kusali pamoja kila wiki. Wengine huogopa kwamba kugawa watu ni kuvunja umoja. Mimi naona kinyume. Mstari mmoja mrefu ndio unaomwacha bibi wa nyuma akitembea kimya.

Kama kuna gari la spika, liwe katikati ya msafara, spika moja ikielekea mbele na nyingine nyuma. Kosa la kawaida ni kuliweka mwanzoni: sauti inawaendea watu wasiokuwa kwenye hija, na mahujaji wanabaki na moshi na vumbi. Spika mbili zilizo mbalimbali na zinazotoa sauti moja nazo ni mtego, maana aliye kati yake, karibu na mojawapo, husikia kila neno mara mbili.

Tabora haikuanza leo kutembea kwa nyimbo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na Ujiji walikuwa na kirangozi, mtu wa mbele aliyeongoza njia. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika kwamba kirangozi alifuatwa na mpagazi anayepiga ngoma. Ngoma ni mlio mfupi wenye mwanzo mkali, kwa hiyo mguu huudaka upesi kuliko neno la wimbo linaloburutwa. Kwenye hija pia, ngoma moja ndogo kwa kila kikundi ina kazi kubwa kuliko waimbaji kumi wenye sauti nene.

Kuna jambo la pumzi pia. Salamu Maria imegawanyika yenyewe: kiongozi anasema mpaka "amebarikiwa", wengine wanapokea "Maria Mtakatifu". Mmoja akitoa pumzi, wenzake wanavuta. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza vipimo vya watu 23. Waliposali Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilitulia hadi takriban 6 kwa dakika, wakati mtu aliyepumzika kwa kawaida huvuta 12 hadi 20. Anayetembea juani hawezi kushuka hivyo, ila utaratibu ni uleule: watu wanaosali kwa kupokezana hupumua kwa mpangilio mmoja. Ndiyo maana kwenye mwinuko au mchanga mzito inafaa kuacha wimbo na kushika Rozari, kisha wimbo urudi njia ikinyooka.

Wimbo wenyewe uchaguliwe kwa miguu. Mstari wa kiitikio uishe ndani ya hatua nne hadi nane, maneno yawe ya kichwani, kwa sababu hakuna asomaye kitabu gizani alfajiri. Kiongozi aanzie chini. Akianzia juu kwa msisimko wa kuondoka, baada ya kilomita mbili wazee wamenyamaza, na vumbi la kiangazi linamalizia koo zilizobaki. Na hao wazee wapangwe vikundi vya mbele, vijana nyuma. Vijana wakitangulia mstari unavutika, na kila panapobana, kama kwenye daraja au kivuko cha reli, mbele wanatembea na nyuma wanakimbia. Anayekimbia haimbi.

Mkifika, vikundi vya kwanza visiingie kanisani moja kwa moja. Vingoje langoni mpaka cha mwisho kifike, watu wasimame karibu karibu, wawili kwa kila mita ya mraba. Wale wale 400 waliotapakaa mita 120 sasa wanaenea kwenye duara lenye upana wa mita 16, na sauti inalivuka kwa chini ya sekunde 0.05. Hapo ndipo pa kuanzisha wimbo mmoja wa wote. Zaburi ya 122, mojawapo ya zile nyimbo 15 za kupanda kwenda Yerusalemu, inaweka furaha yake mahali hapo hapo: "Miguu yetu imesimama ndani ya malango yako."