Nani mchezaji bora? Ninavyowatazama wasichana wa skuli uwanjani

Mashindano ya skuli yakimalizika hapa Pemba, zawadi ya mchezaji bora upande wa wasichana mara nyingi huchukuliwa na aliyefunga mabao mengi. Mfungaji bora ana zawadi yake tayari, na anaistahili. Tukimpa na hii ya pili kwa sababu ileile, tunakuwa tumelipa kazi moja mara mbili, na yule aliyeibeba timu tangu mechi ya kwanza anarudi zake Wete au Mkoani hana hata karatasi. Mimi ni kocha, naitwa pia kwenye jopo la kuteua, na jambo hili linaniuma kweli. Kwa hiyo nieleze ninavyotazama.

Nianze na mabao, maana ndiyo yanayowapofusha watu. Kwenye mpira wa wasichana wa skuli, pengo baina ya timu na timu ni kubwa. Skuli moja ina mwalimu anayewafundisha tangu kidato cha kwanza, nyengine imekusanya wasichana siku chache kabla ya kupanga ratiba. Wakikutana, mabao saba au manane si ajabu. Halafu kuna goli lenyewe: upana mita 7.32, kimo mita 2.44, sawasawa na lile la uwanja wa Amaan kule Unguja wanalochezea watu wazima. Muweke humo mtoto wa miaka 14 aliyepewa glavu kwa kuwa ndiye mrefu darasani, na mpira wowote wa juu unaotoka mbali utampita. Mshambuliaji mwerevu analijua hilo; anapiga juu, na mpira unaingia. Sina ubaya naye. Ila bao la namna hiyo halinambii kama atafunga mbele ya kipa anayejua kazi yake. Kwa hiyo pembeni ya kila bao naandika mambo mawili: lilifungwa dhidi ya nani, na matokeo yalikuwaje wakati ule. Bao la kwanza la nusu fainali iliyokaza nalipa uzito mkubwa. La sita kwenye mechi ya 7-0 naliandika tu, basi.

Baada ya hapo naacha kuutazama mpira. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu macho yanaufuata yenyewe. Nachagua mchezaji mmoja, namtazama yeye peke yake kwa dakika kadhaa, mpira uende utakako. Niliwahi kumtazama hivyo kiungo mmoja wa kidato cha tatu, mdogo wa umbo, jezi inakaribia magoti, ambaye watazamaji hawakuwa wanamtaja kabisa. Beki wake amepokea mpira. Yeye anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, anarudisha macho kwa beki. Pasi inatoka, na mpira ukiwa njiani anachungulia tena nyuma ya bega. Unapomfika, kiwiliwili kimeshakaa upande, mguu wa mbali unapokea, mguso mmoja, wa pili umeshakwenda kwa winga. Aliyekuja mbio kumnyang'anya amechelewa. Hakuna chenga iliyopigwa na hakuna aliyeshangilia, lakini kila timu yake ilipobanwa, mpira ulipita kwake na presha ikaisha.

Kugeuza shingo huko si pambo. Geir Jordet, profesa wa Norway, amelichunguza jambo hili kwa viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, na akaona kwamba wanaochungulia mara nyingi zaidi kabla ya kupokea ndio wanaofikisha pasi zaidi. Kwa wasichana wetu naona ndiyo alama ya wazi kuliko zote, kwa sababu wengi hawajafundishwa. Anayefanya hivyo mwenyewe, bila ya kuambiwa, ana kitu.

Mabeki na makipa hawachukui muda mrefu kuwaeleza, ingawa ndio wanaodhulumiwa zaidi. Beki mzuri hutamuona akijirusha kila mara; anakuwa amefika kabla. Kipa mzuri namsikiliza kuliko ninavyomtazama: anapanga ukuta wake kwa sauti, anaita majina, anasema "wangu!" kabla ya kutoka. Kipa aliyeruka mara kumi kwa sababu alisimama pahala pasipostahiki anapigiwa makofi, na mwenzake aliyesimama panapostahiki akaudaka mpira kifuani anaonekana hakufanya kitu.

Jengine la hapa kwetu ni upepo. Miezi ya kusi, kwenye kiwanja kilicho wazi, timu moja inacheza kipindi kizima mpira unawarudia. Mchezaji aliyeng'ara akisukumwa na upepo sijamjua bado. Nasubiri wabadilishe magoli. Anayeshusha mpira chini, akapunguza urefu wa pasi zake, akawaambia wenzake wasogeleane, huyo anausoma mchezo, na alama yangu kwake inapanda papo hapo.

Sasa suala la umri, ambalo majopo mengi hulipita haraka. Kwa wavulana, wa kidato cha pili anaweza kushindwa na mwenzake kwa sababu tu mwenzake amebalehe mapema na ana nguvu. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka kama 12, kwa hiyo wakifika kidato cha pili au cha tatu tofauti ya miili si kubwa kiasi hicho. Kinachowatenganisha ni miaka ya kuucheza mpira. Mmoja amecheza na kaka zake uchochoroni tangu mdogo. Mwengine ameugusa mara ya kwanza kidato cha kwanza, anasoma mkondo wa jioni, ana chuo cha Kurani, ana kazi za nyumbani, na mazoezi anayapata kwa kuiba. Wa pili akikaribiana na wa kwanza, mie macho yangu yanabaki kwa wa pili. Lakini nasema wazi kwenye jopo: zawadi ya mchezaji bora ni ya aliyekuwa bora kwenye mashindano haya. Anayetarajiwa kuwa bora tumuundie zawadi yake, chipukizi wa mashindano, tusimpe ya mwenziwe kwa huruma.

Mavazi yasiingie kwenye alama hata chembe. Sheria za mpira duniani zimeruhusu rasmi kufunika kichwa tangu 2014, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza Kombe la Dunia la wanawake na hijabu yake. Ninachokitaka mimi ni namba zinazosomeka mgongoni, maana ushungi mrefu huzifunika, na timu nyengine zinavaa vizibao visivyo na namba. Pasipo na namba naandika rangi ya viatu na ya soksi, na kabla ya mechi namuomba mwalimu wa timu anipe majina kamili. Msichana akikosa zawadi kwa sababu jopo halikujua jina lake, hiyo ni dhulma tupu.

Jopo lenyewe likae mbalimbali. Watu watatu wakikaa benchi moja, anayesema kwanza ndiye anayeamua. Kila mmoja aandike majina yake kabla ya filimbi ya mwisho, kisha wakutane wayajadili. Na ikiwezekana tuteue kikosi bora kizima, wachezaji kumi na mmoja kwa nafasi zao, ndipo tutoe mmoja miongoni mwao. Marekani, ambako mpira wa wasichana wa sekondari una mizizi mirefu, ndivyo ligi nyingi za skuli zinavyofanya. Kikosi kikiwa na nafasi nne za mabeki, mtu analazimika kuwatazama mabeki.

Kwa nini nahangaika na haya yote? Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Msichana wa Chake Chake anayeota Kombe la Dunia njia yake ni timu ya Tanzania. Ile iliyokwenda India mwaka 2022 kwa wasichana wa chini ya miaka 17 iliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali, na umri ule ndio wa wanafunzi wetu hawa. Wateuzi wako ng'ambo ya bahari, hawawezi kuja kwenye kila kiwanja cha skuli. Kinachovuka ni jina na maneno yaliyoandikwa. Ndiyo maana cheti kinachosema "mchezaji bora" peke yake hakinitoshi. Andikeni na sababu, kwa sentensi moja au mbili: kiungo wa chini, anatumia miguu yote miwili, hapotezi mpira akibanwa. Hata baba mwenye wasiwasi akiyasoma hayo anaona binti yake ana kipaji kinachojulikana kwa watu wenye ujuzi.

Na kuna kura moja ambayo naiamini kuliko yangu mwenyewe. Baada ya kila mechi nawapitia walioshindwa na walioshinda, nawauliza: mwanangu, nani leo amekupa kazi? Sitaki jina la mwenzako, nataka la upande wa pili. Wanajibu bila ya kufikiri. Kwa yule kiungo wa kidato cha tatu, mabeki walitaja wengine, lakini viungo waliocheza naye ana kwa ana walisema namba yake wote, na mmoja akaongeza: "Mwalimu, yule ukimfuata unachoka bure." Nimeyaandika kwenye cheti chake kama alivyoyasema.