Kimiminika na kasi ya mmenyuko wa kikemikali

Changanya magadi soda na asidi ya sitriki, zote zikiwa unga mkavu: hutaona lolote. Tia maji, povu linafumka papo hapo. Maji yamevunja fuwele na kuziachia ayoni (chembe zenye chaji) zikutane. Katika yabisi chembe hugusana kwenye nyuso zao za nje tu. Ndiyo maana vidonge vya povu hufungwa visipate hewa. Unyevu kidogo unatosha kuvianzisha.

Hata hivyo, molekuli za kimiminika haziko huru kama za gesi. Zimebanana. Mbili zikikutana, huzingirwa na molekuli za kiyeyushi (kimiminika kilichoziyeyusha) na kugongana mara nyingi kabla ya kuachana. Hiyo ndiyo athari ya kizimba, iliyoelezwa na wanasayansi Franck na Rabinowitch mwaka 1934. Kwa hiyo kuna hatua mbili: kukutana, kisha kuvuka kizingiti cha nishati, yaani nishati ya chini inayohitajika ili mmenyuko utokee. Iliyo ya polepole zaidi ndiyo inayoamua kasi.

Kizingiti kikiwa kidogo, kukutana ndiko kunakoamua, na hapo mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, una nguvu kubwa. Katika maji ya 25°C, kisobadilika cha kasi (namba inayopima wepesi wa mmenyuko) hufikia kikomo cha takriban 7 × 10⁹ dm³ mol⁻¹ s⁻¹. Gliserini ina mnato wa karibu mara 1,000 ya maji, hivyo humo kikomo hushuka kwa kiasi kama hicho.

Kizingiti kikiwa kikubwa, joto na aina ya kiyeyushi ndivyo vinavyotawala. Mwaka 1890 mkemia Menshutkin alionyesha kuwa mmenyuko wa trietilamini na iodidi ya ethili hutokea kwa kasi mara mamia zaidi katika alkoholi ya benzili kuliko katika heksani. Chaji hujitenga mmenyuko ukiendelea, na kiyeyushi chenye ncha za umeme huipunguzia nishati hali ya mpito, yaani hatua ya kilele ambayo molekuli hupitia kabla ya kuwa zao jipya.

Kukoroga nako kunasahaulika mno. Bila kukoroga, molekuli ndogo huchukua takriban saa 14 kusambaa sentimita moja ndani ya maji yaliyotulia. Katika jaribio la shule la thayosalfeti ya sodiamu na asidi ya hidrokloriki, salfa inayotokea hukitia kimiminika ukungu, na hupimwa muda unaopita hadi alama ya X chini ya chupa isionekane. Humo, tikisa chupa mara tu unapomimina asidi, kwa namna ileile kila mara. Unapopunguza thayosalfeti, fidia kwa maji ili ujazo wote usibadilike. Usipofidia, kina cha kimiminika kinapungua, na alama ya X itachelewa kufichika hata kama mmenyuko haujapungua kasi.