Silikoni Haitibu Kioo cha Nyuma: Dhana Potofu Kuhusu Kuvuja na Kutu Katika Magari ya Zamani

Kila mwaka mvua za Novemba zinapoanza kunyesha Mbeya, magari ya zamani huletwa karakanani yakiwa na kapeti zilizolowa, buti linalonuka uvundo na kioo cha nyuma kilichojaa ukungu kwa ndani hadi saa nne asubuhi. Hilo halinishangazi, kwa kuwa Peugeot 504 ya miaka ya sabini au Volkswagen Beetle iliyorithiwa kutoka kwa babu haiwezi kutarajiwa kubana maji kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Kinachonichosha ni kauli inayofuata, ambayo nimeisikia kwa wamiliki wa Mwanjelwa, wa Uyole, wa Tukuyu na hata wa Makambako, kana kwamba wote waliikariri katika darasa moja: "Fundi, nipakie silikoni tu kuzunguka kioo, kazi kubwa tutaifanya baadaye." Baadaye hiyo hufika bati likiwa limekwisha kutoboka.

"Silikoni huziba maji"

Katika magari mengi yaliyotengenezwa kati ya miaka ya hamsini na sabini, kioo cha nyuma hakikugundishwa kwenye bodi, bali kilishikwa na mpira wenye mifereji miwili, mmoja ukikumbatia ukingo wa kioo na mwingine ukikumbatia ukingo wa bati. Mpira ulipokuwa mpya, midomo yake ilibana pande zote mbili, na mara nyingi ndani ya mfereji iliwekwa gundi laini isiyokauka ili kujaza nafasi ambazo mpira peke yake haukuweza kuzifikia. Jua likiupiga kwa miaka mingi, mpira hukakamaa, husinyaa na kupasuka kwenye kona. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mionzi inayoharibu mpira ni mikali kuliko ya pwani, hata pale ambapo baridi inamdanganya mtu kwamba jua si kali. Mdomo uliokakamaa haubani tena. Maji hunyonywa kwenye mwanya mwembamba ulio kati ya mpira na bati, huteremka polepole hadi upande wa chini wa kioo, na hapo hutulia.

Sasa mwenye gari anapaka silikoni kwa nje. Anaipaka juu ya vumbi, juu ya mabaki ya polishi na juu ya mpira ambao umekwisha kufa, kisha anafurahi kwa sababu mvua mbili za mwanzo hazikuingia. Gari likipita kwenye barabara mbovu, bodi hujipinda kidogo, silikoni hubanduka mahali padogo ambapo jicho haliwezi kupaona, mara nyingi kwenye kona ya juu, na maji yanarudi kuingia. Tofauti ni kwamba zamani maji yaliyoingia yaliweza kukauka kupitia mianya ileile jua lilipotoka, ilhali sasa njia ya kutokea imezibwa. Mwenye gari amejenga kidimbwi chembamba juu ya bati lake na kukifunika vizuri, na bati hilo litakaa limelowa kuanzia Novemba hadi Aprili bila yeye kuona tone hata moja.

Ubaya hauishii hapo. Silikoni ya bei nafuu inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ile yenye harufu ya siki inapokauka, hutoa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile iliyomo ndani ya siki, na asidi hiyo ikigusa bati lililochubuka rangi huanzisha kutu yenyewe. Huwa nawaomba wateja wainuse kabla ya kuipaka, kwa kuwa ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Zipo silikoni zisizotoa asidi, na baadhi ya wateja huniletea tyubu hiyo wakidhani wamenishinda hoja, lakini hata hiyo haifufui mpira uliokufa wala haifiki ndani ya mfereji ambako maji yanapita.

Kisha kuna gharama ambayo humfikia fundi wa rangi. Silikoni ikishakauka haiyeyuki kwa thina ya kawaida. Ni lazima ikwanguliwe kwa mkono, na mabaki yake yasiyoonekana huifanya rangi mpya ikimbie na kuacha vishimo vidogo vya mviringo ambavyo haviondoki kwa kuongeza koti jingine la rangi. Karibu hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni isipokuwa silikoni nyingine. Kwa hiyo mteja aliyetaka kuokoa fedha hulipia saa nyingi za kukwangua kabla ya kazi yenyewe kuanza, na mimi sitoi punguzo kwa kazi hiyo.

Kazi inayostahili ni kukitoa kioo. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wengi huliogopa kuliko linavyostahili kuogopwa. Ikiwa mpira wa zamani hautatumika tena, mdomo wake hukatwa kwa kisu badala ya kuusokota kwa bisibisi, kwa kuwa kioo cha nyuma kwa kawaida kimeimarishwa kwa joto na hakina utando wa plastiki katikati. Pigo dogo kwenye ukingo linatosha kukigeuza chembechembe. Nyaya za kupasha kioo joto, kama zipo, huchomolewa kwanza. Mpira ukishakatwa, mtu mmoja husukuma kutoka ndani kwa viganja na mwingine hupokea nje, na kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi.

Hapo ndipo ukweli unapoonekana. Ukingo wa bati husafishwa kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na sehemu iliyoliwa hukatwa hadi kwenye bati zima, kisha huchomelewa bati jipya la unene wa kati ya milimita 0.8 na 1, kwa vituo vifupi vinavyoachwa vipoe ili ukingo usipinde. Ukingo uliopinda hautabanwa na mpira wowote duniani. Baada ya hapo hupakwa praima ya epoksi, maungio huzibwa kwa gundi maalumu ya maungio ya bodi, na rangi ya juu hupigwa hadi ndani kabisa ya ukingo, mahali ambapo mafundi wavivu huishia na praima tupu kwa kuwa hapataonekana. Rangi iachwe ikomae kwa siku kadhaa. Mpira ukibanwa juu ya rangi mbichi huivua.

Mpira mpya huvishwa kwenye kioo kwanza, kamba ya nailoni ikalazwa ndani ya mfereji wa pili, maji yenye sabuni kidogo yakapakwa, na kioo kikawekwa kuanzia chini. Mtu wa ndani anavuta kamba polepole, naye wa nje anakandamiza kwa kiganja pale kamba inapotokea, na mdomo wa mpira hupanda wenyewe juu ya ukingo wa bati. Mwisho, gundi laini ya butili isiyokauka husukumwa chini ya mdomo kwa ncha nyembamba ya plastiki. Gundi hiyo hubaki laini, hufuata bodi inapojipinda, na siku kioo kitakapohitaji kutolewa tena haitapigana na fundi.

"Kutu ni ugonjwa wa Dar es Salaam"

Chumvi ya bahari huharakisha kutu kwa sababu huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, lakini kutu yenyewe inahitaji chuma, maji na oksijeni, na vyote hivyo tunavyo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Dar es Salaam. Njombe na Uporoto zina ukungu na umande unaolowesha bodi hata siku ambazo mvua haikunyesha. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi jekundu hujishindilia chini ya mpira wa kioo na chini ya urembo wa nikeli, na mvua ya kwanza ikinyesha vumbi hilo hushika maji kama sponji. Ushauri wangu, ambao wateja husahau kila mwaka, ni kusafisha mfereji huo mwezi Oktoba kwa brashi laini na maji ya presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari isielekezwe kwenye mpira wa kioo cha zamani, kwa kuwa husukuma maji mahali ambapo mvua isingeyafikisha.

Kwenye urembo huo wa nikeli kuna jambo linalosahauliwa. Katika magari mengi vibanio vyake hushikwa na misumari midogo iliyochomelewa kwenye bodi, na kila msumari ni mahali ambapo rangi ilikuwa nyembamba tangu kiwandani. Malengelenge ya rangi yanapojitokeza yakiwa yamepangana kwa umbali unaolingana chini ya kioo, chanzo chake ni hapo.

"Puti na dawa ya kutu vinatosha"

Lengelenge la rangi haliwi mwanzo wa kutu mahali hapo. Mara nyingi ni mwisho wake. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma ilichokila, ndiyo sababu huinua rangi kutoka chini, na lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi linapoonekana kando ya kioo, upande uliofichwa na mpira kwa kawaida umekwisha kuwa mbaya zaidi. Mercedes-Benz W123, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na ambayo bado inaheshimiwa sana katika barabara zetu, inajulikana kwa kuoza kwenye kona za chini za kioo cha nyuma huku rangi ya nje ikiwa bado inameta.

Puti, yaani ile pasti ya kujazia mabonde ya bodi, hunyonya unyevu. Ikijazwa juu ya tundu hukaa msimu mmoja, kisha hudondoka pamoja na rangi iliyoificha. Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi ina kazi yake halali: hugeuza kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma kuwa fosfati ya chuma, ambayo lazima ifunikwe kwa praima. Haijengi chuma kilichokwisha kupotea, wala haifanyi kazi juu ya magamba. Fundi anayekwambia vinginevyo anauza dawa.

"Oili chafu hulainisha mpira"

Hulainisha kweli, na hapo ndipo ilipo hasara yenyewe. Mipira mingi ya vioo inayouzwa sasa ni ya aina ya EPDM, yaani mpira bandia, ambayo haivumilii oili, grisi, dizeli wala mafuta ya taa. Huvimba, hulegea na kupoteza umbo lake. Tumia glisirini kidogo kutoka duka la dawa, ukiipaka kwa kitambaa safi. Ni ya bei nafuu na haiumizi mpira wala rangi.

"Gari likifunikwa turubai limepona"

Turubai la nailoni lililofungwa hadi chini hufungia unyevu wa ardhini na umande wa usiku, na mchana jua huugeuza kuwa mvuke unaotafuta chuma baridi. Gari lililowekwa chini ya banda lisilo na kuta hudumu zaidi. Anayelazimika kutumia kifuniko achague cha kitambaa kinachopitisha hewa, na asilifunike gari likiwa limelowa.

"Mpira wowote wa Volkswagen utaingia"

Hautaingia. Kioo cha nyuma cha Beetle kilikuwa cha vipande viwili hadi 1953, kikawa cha umbo la yai hadi 1957, kisha kikawa kikubwa cha pembe nne, na kikapanuliwa tena kwa modeli ya 1965 na ya 1972. Taja mwaka wa gari, au bora zaidi niletee kipande cha mpira wa zamani. Mpira uliokatwa kutoka kwenye rola na kuungwa kwa gundi utafunguka kwenye kiungo chake, na kwa kawaida hufunguka usiku wa mvua.

"Maji yanapoonekana ndipo yanapoingilia"

Maji husafiri. Yanayoingia kwenye kona ya juu ya kioo yanaweza kufuata kitambaa cha dari, kuteremka kwenye nguzo ya bodi na kuonekana chini ya kiti cha nyuma, na katika Beetle hapo ndipo betri inapokaa, ambako bati la sakafu tayari linateswa na asidi ya betri. Vilevile maji yanayokusanyika kwenye buti la Peugeot yanaweza kuwa yametoka kwenye mpira wa buti au kwenye taa za nyuma, na kioo kikasingiziwa.

Kwa hiyo upimaji hutangulia kazi, na huhitaji watu wawili. Viti na kapeti hutolewa, bati la ndani hukaushwa na kupakwa poda nyembamba ya watoto, mtu mmoja huingia ndani na tochi, na mwingine hutiririsha maji ya mpira wa bustani bila presha, akianzia chini ya taa za nyuma, akipanda hadi mpira wa buti, kisha ukingo wa chini wa kioo, kisha pembeni, na mwisho juu. Kila hatua ipewe dakika kadhaa kabla ya kupanda nyingine, kwa sababu ukianzia juu maji yatalowesha kila kitu na hutajua lipi ni lipi. Mchirizi kwenye poda utaonyesha njia. Baada ya kioo kurudishwa, upimaji huo hurudiwa, na kapeti hubaki nje mpaka gari lipigwe na mvua ya kweli.